Pikapu ya babu, na baba anayejifunza kufika saa tatu

Betri ndiyo iliyotangulia kuuzwa. Mtoto wa kiume, wakati huo akiwa na miaka saba, alimwona baba yake akiifungua kwa spana namba kumi, akaipakata na kupanda nayo bodaboda. Jioni baba alirudi bila betri na bila mkate.

Tangu siku hiyo kila kilichofunguka kiliondoka. Redio, matairi mawili ya nyuma, rejeta, kisha matairi ya mbele. Mwishowe pikapu ya babu, Peugeot 504 iliyokuwa ikishusha mboga kutoka Mgeta hadi sokoni Morogoro mjini, ikabaki juu ya matofali chini ya mwembe. Kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha dereva.

Baba huyo, ambaye sasa ana miaka 41, hakuviuza vitu hivyo kwa sababu ya njaa. Aliviuza kwa sababu ya pombe. Mke wake alijua, watoto wawili walijua, na mtaa mzima ulijua. Siku mama aliposema inatosha, alikusanya watoto na magodoro akahamia kwa mama yake, upande wa pili wa mji. Hakumtukana mtu. Alisema tu kwamba amechoka kumsubiri mtu asiyefika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Baba huyu hakuziba ufa. Ukuta anaoujenga sasa ni wa namna mbili: pikapu iliyo chini ya mwembe, na imani ya watoto wake. Kazi hizo mbili zimemfundisha jambo ambalo mzazi yeyote aliyewahi kuwaangusha watoto wake atalielewa.

Kwa nini pikapu ile ile

Majirani walimwuliza kwa nini ahangaike na chuma chakavu. Swali lao lina haki, na jibu la kwanza liko kwenye gari lenyewe. Peugeot ilianza kuuza 504 mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa kuwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Pikapu yake ilifuata mwaka 1979. Afrika iliipenda kwa sababu ilivumilia barabara mbaya, ilibeba zaidi ya tani moja, na fundi wa mtaani aliweza kuifungua na kuifunga bila mashine za ajabu. Injini yake ya petroli ina slivu zinazochomolewa. Zikilika, hubadilishwa bila kuchonga bloku. Ndiyo maana gari hilo liliendelea kuunganishwa Kenya na Nigeria hata baada ya Ulaya kuachana nalo.

Kwa wazee wa rika la babu, jina hilo lilikuwa na utamu mwingine. Mwaka 1966 na tena 1967, mbio za East African Safari zilichukuliwa na Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania, akiwa kwenye Peugeot 404, gari lililoitangulia 504. Babu alikisimulia kisa hicho kila alipoinua boneti.

Lakini kwa baba huyu sababu kubwa haikuwa sifa za gari. Angetaka usafiri tu, angedunduliza akanunua pikipiki. Aliitaka pikapu ile ile kwa sababu ndiyo aliyoibomoa kwa mikono yake, watoto wake wakitazama.

Hospitali kabla ya gereji

Hakuanza na spana. Alianza na hospitali, na hili ni jambo la kuzingatia kwa familia yenye mlevi ndani. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akikata pombe ghafla akiwa peke yake nyumbani, anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege. Wengine hupoteza maisha. Dada yake ndiye aliyempeleka. Alipewa dawa na kuangaliwa siku za mwanzo, kisha akajiunga na kundi la watu wanaoacha pombe, wanaokutana kila wiki.

Pikapu ilikuja miezi mitatu baadaye. Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa na kibarua cha kupakia mizigo. Tatizo lilikuwa Jumamosi. Mtu aliyezoea kilabuni, siku isiyo na kazi humwona miguu yake ikijipeleka yenyewe.

Kabla ya kulegeza nati hata moja, dada yake alimkumbusha jambo linalosahauliwa na familia nyingi: pikapu haikuwa yake. Ilikuwa ya marehemu baba yao. Ndugu wote watatu wakakaa, wakapendekeza msimamizi wa mirathi, mahakama ikamthibitisha, na ndipo umiliki ukahamishwa TRA. Safari za kufuatilia karatasi hizo zilimchosha. Hata hivyo, mtu aliyewahi kuuza mali ya familia bila kumwuliza mtu alihitaji kuanza kwa kuuliza.

Ruhusa ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Alikwenda kwa mama mkwe, akabisha hodi, akakaribishwa barazani.

“Mama watoto,” alisema, “naomba kijana awe anakuja Jumamosi tulitengeneze lile gari.”

“Baba watoto, mimi sina haja na gari,” mke wake alimjibu. “Nina haja na mtu anayesema saa tatu akafika saa tatu.”

Akakubali kwa masharti. Mtoto atapelekwa na mjomba wake. Atarudi kabla ya saa kumi jioni. Siku baba akinuka pombe, mpango unaishia hapo. Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, hakusema neno, lakini hakupinga.

Breki kwanza

Kijana, ambaye sasa alikuwa darasa la saba, alifika Jumamosi ya kwanza akitarajia kusikia injini ikinguruma. Fundi mzee, aliyeihudumia pikapu hiyo tangu enzi za babu, alimkatisha tamaa mapema.

“Mjukuu wangu, injini itasubiri. Leo ni breki. Gari lisilowaka halijamuua mtu. Linalowaka bila breki ndilo linaloua.”

Silinda za breki zilikuwa zimeganda kwa kutu. Walipofungua magurudumu, kijana alitaka kupuliza vumbi kwa mdomo. Fundi akamshika mkono. Breki za magari ya zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu huleta madhara yanayojitokeza baada ya miaka mingi. Vumbi hilo halipulizwi. Hulowanishwa, likafutwa kwa tambara, na tambara likatupwa. Sheria ya pili ilikuwa kwamba hakuna anayeingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Injini nayo haikupigwa stata. Gari lililokaa miaka sita halikurupushwi. Walitoa plagi, wakatia oili kidogo kwenye kila silinda, wakaiacha wiki nzima, ndipo wakaizungusha taratibu kwa mkono. Iligoma, ikagoma tena, kisha ikazunguka. Tangi la mafuta lilikuwa na petroli iliyogeuka kuwa utomvu. Mipira ya rejeta ilikatika kama biskuti. Waya nusu zilikuwa zimeliwa na panya.

Kijana alijifunza hapo kwamba gari halifi kwa siku moja, na halifufuki kwa siku moja.

Daftari

Jumamosi ya pili kijana alikuja na daftari la shule. Alikuwa amelipiga mstari katikati. Upande mmoja aliandika “Vilivyouzwa”, upande wa pili “Vilivyorudi”. Upande wa kwanza ulikuwa umejaa: betri, redio, matairi manne, rejeta, jeki, kioo cha pembeni, taa ya kulia. Alivikumbuka vyote, kwa mpangilio.

Baba alisoma orodha ile akiwa amesimama. Angeweza kukasirika. Wazazi wengi hukasirika mtoto anapowaonyesha kwamba aliona. Angeweza pia kujitetea kwamba maisha yalikuwa magumu. Alirudia kusoma kutoka juu, kisha akasema, “Umesahau tairi la akiba. Hilo nililiuza usiku, ulikuwa umelala.”

Kijana akaliandika. Kazi ikaendelea.

Mtoto anayejua ukweli nusu hujaza nusu nyingine kwa kubahatisha, na mara nyingi hubahatisha vibaya, akidhani kosa ni lake. Siku ile alipata ukweli mzima kutoka kwa mtu aliyekuwa na sababu zote za kuuficha.

Jumamosi iliyopotea

Wiki sita zilikwenda vizuri. Ijumaa ya saba kulikuwa na msiba wa rafiki wa zamani. Baada ya maziko wenzake walimvuta kilabuni, “moja tu ya kumuaga marehemu”. Haikuwa moja.

Kesho yake saa tatu kijana alifika chini ya mwembe, akakaa juu ya tofali na spana mkononi. Fundi alimpa chai. Saa sita mjomba akamrudisha nyumbani.

Jumapili jioni baba alitembea kwa miguu hadi kwa mama mkwe. Njiani alikuwa ameandaa uongo wa aina tatu: simu ilizima, homa ilimbana, kibarua kilimshika. Uongo huo aliufahamu vizuri, maana aliutumia miaka mingi. Alipomkuta kijana barazani, alisema, “Jana nilikunywa. Sikuja kwa sababu nilikunywa. Kesho nakwenda kuwaambia wenzangu wa kundi. Jumamosi nitakuwepo.”

Kijana aliingia ndani bila kujibu.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Iliyofuata hakuja pia. Baba alikuwepo zote mbili tangu saa tatu, akipiga msasa kutu ya kwenye bodi la nyuma, peke yake. Hakumpigia mke wake kumlalamikia mtoto. Hakumtuma mjomba kumshawishi. Mjukuu wa fundi alisoma darasa moja na kijana, na ndiye aliyepeleka habari: baba yako yupo, kila Jumamosi yupo.

Jumamosi ya tatu kijana alitokea saa tatu na nusu. Alichelewa kwa makusudi, kana kwamba anapima kama atakuta mtu. Alimkuta.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Nishikie hapa.”

Matairi au godoro

Mwaka ulipogeuka, baba alikuwa amekamilisha fedha za matairi manne yaliyotumika. Injini ilikuwa imeshawaka mara mbili, ikitoa moshi na kukohoa, lakini imewaka. Kilichobaki ni gari kushuka kwenye matofali.

Wiki hiyo hiyo kijana alichaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza, shule ya bweni. Ada katika sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa tangu Januari 2016, lakini kila mzazi anajua kwamba Januari bado ni Januari. Kuna sare, viatu, godoro, tranka, madaftari na nauli. Mama watoto alikuwa ameanza kuuliza mkopo kwenye kikundi chake.

Baba hakusubiri kuombwa. Alizipeleka fedha za matairi zote, akazikabidhi mbele ya mama mkwe, akarudi. Pikapu ikabaki juu ya matofali. Siku ya kuondoka, kijana alipita kuaga. Alifungua daftari, akatazama mstari wa matairi, na mbele yake akaandika, “Yamesubiri.” Kisha akaliacha daftari kwenye kiti cha dereva.

Hapo ndipo ilipogundulika kwamba kulikuwa na mtu aliyesahauliwa. Binti wa miaka tisa, ambaye Jumamosi zote hizo alibaki kwa bibi, alimwuliza mama yake swali fupi: “Na mimi je?” Hakuna aliyewahi kumwuliza kama anataka kwenda. Watu wazima wote walidhani gari ni habari za wavulana. Jumamosi iliyofuata ni yeye aliyeteremka kwa mjomba, akachukua daftari, akaanza kusugua plagi kwa brashi ya waya. Baada ya mwezi alijua ipi ya silinda ipi, na alikuwa mkali kuliko fundi kuhusu spana kurudishwa mahali pake.

Kwa mzazi mwenye pikapu yake

Si kila nyumba ina gari la kale. Nyingine ina cherehani ya bibi iliyokwama, baiskeli isiyo na mnyororo, banda la kuku lililoanguka au shamba lililoota magugu. Chochote kilichoharibika polepole kinaweza kumrudisha mzazi karibu na mtoto, mradi mambo machache yazingatiwe.

Kwanza, mahitaji ya watoto yatangulie. Gari bovu ni shimo lisilojaa. Mzazi anayenunua spea huku mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa daftari amebadilisha kilevi tu. Afadhali fedha za kazi hiyo zikae peke yake, na zikiisha kazi isimame.

Pili, chagua siku moja na saa moja, uzitunze. Mtoto aliyeangushwa mara nyingi hasikilizi tena ahadi kubwa. Anahesabu siku ulizofika. Ahadi ndogo inayotimizwa kila wiki ina uzito kuliko kiapo cha machozi.

Tatu, mpe mtoto kazi ya kweli. Kushika tochi saa nne ni adhabu. Kusafisha plagi, kupanga nati kwenye kopo, kuandika kilichonunuliwa na bei yake, hizo ni kazi. Kazi zenye hatari ziwe za watu wazima: petroli isitumike kunawia mikono, maji ya betri ni tindikali, na mtoto asiingie chini ya gari.

Nne, usimgeuze mtoto kuwa mjumbe. Asipewe maneno ya kumpelekea mama, wala asiulizwe mama anasema nini. Jumamosi ni yake na wewe. Ya wakubwa yazungumzwe na wakubwa.

Tano, ukiteleza, sema umeteleza, na useme mapema. Mtoto atakasirika, na ana haki. Mwache akasirike, ila siku inayofuata akukute mahali ulipomwambia utakuwepo.

Sita, kazi ya mikono haiponyi ulevi. Inasaidia kujaza saa, basi. Anayeshindwa kuacha aende kituo cha afya, na anayekunywa asishike usukani, hata wa gari alilolitengeneza mwenyewe.

Na mzazi wa upande wa pili, yule aliyeachwa akisubiri, hana deni. Si lazima asamehe kwa sababu injini imewaka. Anaweza kuweka masharti, akayasimamia, na akaendelea kutazama. Mama huyu alifanya hivyo, na masharti yake ndiyo yaliyoifanya kazi iwezekane.

Mwezi Juni

Matairi yalinunuliwa baada ya Pasaka, mawili mawili. Rejeta ilipatikana kwenye gari jingine lililokufa. Pikapu ilipelekwa kukaguliwa, ikakatiwa bima. Kijana aliporudi likizo ya Juni alikuta upande wa “Vilivyorudi” umeandikwa kwa mwandiko wa dada yake, na mistari miwili tu iko wazi: redio na tairi la akiba.

Jumamosi ya kwanza ya likizo hiyo pikapu ilisimama mbele ya nyumba ya mama mkwe. Haijapigwa rangi. Boneti ni nyeupe, mlango mmoja ni wa bluu, mwingine una kutu iliyopigwa msasa. Breki zilishika vizuri. Watoto walikimbia nje kabla haijazimwa.

Baba na mama hawajarudiana, na huenda wasirudiane. Hilo ni lao. Lakini asubuhi ile mama watoto alitoka hadi barazani, akaitazama pikapu kutoka mbele hadi nyuma bila kusema neno. Kisha akatoa simu, akaangalia saa. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano.

“Umewahi,” alisema, akaenda kuwaita watoto waje wavae viatu.